Umbali Kutoka Mwanzo: Mazungumzo ya Redio Kuhusu Makro ya offsetof



Mazungumzo ya leo ni ya informatiki, lakini tafadhali msizime redio. Hatutafundishana namna ya kufungua akaunti ya Facebook, hilo vijana wanalijua tangu zamani. Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo mno, jina la herufi nane tu: offsetof. Ni makro ya lugha ya C. Kazi yake ni moja: kusema kiungo fulani cha muundo wa data kimekaa umbali gani kutoka mwanzo wa muundo huo. Basi. Hakuna zaidi.

Sasa mzee anayelima mpunga katika bonde la Ruzizi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mambo haya yananihusu nini? Jibu liko mfukoni mwake. Kama ana simu ya Android, iwe Tecno, iwe Itel, iwe Samsung, ndani ya simu hiyo kuna kiini cha Linux, na kiini hicho kimeandikwa kwa sehemu kubwa katika C. Kila sekunde ambayo simu iko macho, hesabu ya umbali wa viungo inatumika humo mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Nao wanafunzi wa informatiki wa Uvira na Bukavu wanaifahamu C, maana wengi wameanza nayo. Kwa hiyo mazungumzo haya ni ya mzee na ni ya mjukuu wake.

Tuanze taratibu. C ni lugha ya kuandikia programu. Aliyeitengeneza ni Dennis Ritchie, mtafiti wa Bell Labs huko New Jersey, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 yeye na mwenzake Ken Thompson waliandika upya mfumo wao wa Unix kwa lugha hiyo. Tangu hapo C haijaondoka. Kompyuta zimebadilika umbo, zimepungua ukubwa, zimeingia hata kwenye redio na televisheni, na C bado imo.

Ndani ya C kuna kitu kinachoitwa muundo. Muundo ni namna ya kufunga vitu kadhaa vyenye uhusiano chini ya jina moja. Tuseme kuna mfanyabiashara wa Sange anayenunua mpunga, na kijana wake amemwandikia programu ya kutunza hesabu. Kwa kila gunia anahitaji mambo matatu: herufi moja ya kuonyesha aina ya mpunga, uzito kwa kilo, na bei kwa franka. Mambo hayo matatu yakifungwa pamoja, huo ndio muundo. Herufi ni kiungo, uzito ni kiungo, bei ni kiungo.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo ni mfululizo mrefu wa baiti, kila baiti na namba yake, yaani anwani yake. Herufi inachukua baiti 1. Uzito, ukiandikwa kama namba nzima ya kawaida, unachukua baiti 4. Bei yenye desimali, ile inayoitwa double, inachukua baiti 8. Moja na nne ni tano, na nane ni kumi na tatu.

Swali kwa wasikilizaji wenye penseli: uzito unaanza kwenye baiti ya ngapi kutoka mwanzo?

Wengi watasema ya 1, kwa sababu herufi imechukua baiti ya 0. Ni jibu la busara, na kwa karibu kompyuta zote zilizopo leo si sahihi. Uzito unaanza kwenye baiti ya 4. Prosesa inapenda namba ya baiti 4 ianze mahali panapogawanyika kwa 4. Nyingine zikikuta namba imekaa kombo zinachelewa, na zipo zinazokataa kabisa. Kwa hiyo kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya C kuwa amri za mashine, inaacha baiti 3 tupu baada ya herufi. Bei inaanza kwenye ya 8. Muundo mzima ni baiti 16, si 13. Baiti 3 zinakaa bure, na mwandishi wa programu hakuambiwa.

Hapo bado ni rahisi. Sasa tubadilishe mpangilio: herufi kwanza, bei katikati, uzito mwisho. Kwenye simu mpya ya biti 64, bei inaanza kwenye baiti ya 8, uzito kwenye ya 16, na muundo mzima ni baiti 24. Chukua maandishi hayohayo, usiongeze hata nukta, uyapeleke kwenye kompyuta ya zamani ya Intel ya biti 32 yenye Linux. Huko bei inaanza kwenye ya 4, uzito kwenye ya 12, na jumla ni 16. Programu ni ileile, aliyeiandika ni yuleyule, umbali ni tofauti.

Nani amekosea? Hakuna. Kanuni za C zinasema viungo vitakaa kwa mpangilio ulioandikwa, na kiungo cha kwanza kitaanza kwenye sifuri. Nafasi tupu za katikati zimeachiwa kompaila na mashine yake. Tulishike hilo, kwa sababu mazungumzo yote yaliyobaki yanalizunguka: mpangilio ni wako, lakini umbali si wako.

Na kwa nini mtu atake kuujua umbali? Kwa sababu mara nyingi programu inahitaji kuzungumza juu ya kiungo bila kulitaja jina lake. Lugha ya Python, ambayo vijana wengi wanaipenda, imejengwa juu ya C. Mtu anapotengeneza aina mpya ya kitu kwa Python akitumia C, anaandika jedwali: jina la kiungo, aina yake, na umbali wake kutoka mwanzo. Python inasoma jedwali, inahesabu, inakifikia kiungo. Jedwali la namna hiyo halina maana bila namba ya umbali.

Sasa namba hiyo inapatikanaje? Hapa tupande barabara ya taifa namba 5, hii inayopita mbele ya nyumba zetu. Ukitoka Kamanyola kwenda Uvira utapita Luvungi, utapita Luberizi, utafika Mutarule, halafu Sange, halafu Kiliba. Tuseme kando ya barabara kuna mawe ya kilomita. Kama jiwe la Kamanyola limeandikwa namba yoyote ile, mtu anayetaka umbali wa Mutarule lazima asome mawe mawili, atoe moja kwa jingine. Lakini kama jiwe la Kamanyola limeandikwa sifuri, hakuna cha kutoa. Namba iliyo kwenye jiwe la Mutarule ndiyo umbali wenyewe.

Waandishi wa C wa zamani waliligundua hilo mapema. Walisema: tuiambie kompaila ichukulie kwamba muundo wetu umeanza kwenye anwani ya sifuri. Halafu tuulize anwani ya kiungo. Anwani itakayojibiwa ndiyo umbali. Wakaandika hila hiyo kwa mstari mmoja wenye mabano mengi, wakaipa jina fupi, na jina la namna hiyo ndilo linaloitwa makro: unaliandika mahali popote, na kabla kompaila haijaanza kazi yake, jina linaondolewa na mstari wote unawekwa badala yake.

Ni hila nzuri. Inafurahisha akili. Tatizo ni kwamba inaahidi kitu ambacho lugha haikukiahidi.

Fikirini: kwenye anwani ya sifuri hakuna muundo wowote. Katika C, kitu kinachoshika anwani kinaitwa kielekezi, na kielekezi cha sifuri maana yake ni kielekezi kisichoelekeza popote. Hila inaiambia kompaila iende mahali pasipokuwepo, itafute kiungo kisichokuwepo, na irudi na anwani yake. Kompaila nyingi hazilalamiki, maana haziendi kweli. Zinapiga hesabu tu bila kugusa kumbukumbu. Lakini kanuni za lugha hazisemi kwamba zitafanya hivyo. Leo inafanya kazi, kesho kompaila mpya yenye akili zaidi inaweza kuona kielekezi cha sifuri kinafuatwa na kuamua kwamba sehemu hiyo ya programu haiwezi kutokea. Tena zipo zana za kukagua programu ambazo zikikuta kielekezi cha sifuri kimefuatwa namna hiyo hupiga kelele.

Kuna tatizo la pili, na hili lina historia ya kupendeza. Hila inageuza anwani kuwa namba. Je, namba hiyo inahesabu baiti? Kwenye mashine tulizozizoea, ndiyo. Lakini mwaka 1985 ilitoka kompyuta kubwa iitwayo Cray-2, mojawapo ya kompyuta zenye kasi kuliko zote za wakati wake. Anwani za Cray-2 hazikuhesabu baiti. Zilihesabu maneno ya mashine, kila neno biti 64, yaani baiti 8. Ukiitumia hila ya sifuri kule, kiungo kilicho umbali wa baiti 16 kitakujibu 2. Ni sawa na jiwe la barabarani linalohesabu vituo badala ya kilomita.

Watu wa mfumo wa X Window, ule wa madirisha na panya ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984, walikumbana na hilo. Katika maktaba yao kuna makro iitwayo XtOffset, na ukiisoma faili yenyewe utaona imegawanyika kwa matawi. Tawi la Cray-2 linachukua jibu na kulizidisha kwa ukubwa wa namba nzima ya mashine ile ili lirudi kuwa baiti. Tawi la mashine za kawaida linafanya kwa uangalifu zaidi: linageuza anwani ya kiungo kuwa kielekezi cha herufi, halafu linatoa kielekezi cha herufi chenye sifuri, ili hesabu iwe ya baiti bila ubishi. Na katika mstari huohuo unaotaja Cray, imetajwa pia ARM. Msikilizaji, ARM ni ukoo wa prosesa ulio ndani ya karibu kila simu inayouzwa sokoni Uvira. Wakati ule ilihesabiwa pamoja na mashine zenye tabia zake za pekee. Leo ndiyo iliyoenea kuliko zote.

Je, hakukuwa na njia halali? Ilikuwepo. Unatengeneza muundo wa kweli kwenye kumbukumbu, unachukua anwani ya kiungo, unatoa anwani ya mwanzo, zote mbili zikiwa vielekezi vya herufi. Hiyo inakubalika kila mahali, Cray au ARM, Intel au nyingine yoyote. Lakini ina ubaya wake: jibu linapatikana kwa kutoa anwani mbili za kitu halisi, na kanuni za C hazilihesabu jibu hilo kuwa namba thabiti inayojulikana kabla programu haijaanza. Huwezi kuitegemea kujaza lile jedwali tulilolisema. Hapo ndipo waandishi walipobanwa kwa miaka mingi: iliyo halali haikutosha, na iliyotosha haikuwa halali.

Turudie kidogo kwa ajili ya waliofungua redio sasa hivi. Tunazungumza juu ya umbali wa kiungo kutoka mwanzo wa muundo katika lugha ya C. Tumesema umbali huo unatofautiana mashine kwa mashine. Tumesema watu walijitungia makro za kuutafuta, na kwamba makro hizo zilikuwa na kasoro. Sasa tuingie kwenye dawa.

Mwaka 1983 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, iliunda kamati ya kuandika kanuni rasmi za C. Kazi ilikwisha Desemba 1989, na mwaka uliofuata shirika la viwango la kimataifa, ISO, likazipokea. Ndani ya kanuni hizo, katika faili ndogo iitwayo stddef.h, kamati iliweka offsetof. Unaipa mambo mawili: aina ya muundo na jina la kiungo. Inakurudishia namba ya baiti, na namba hiyo ni thabiti, inafaa kuwekwa kwenye jedwali.

Lakini je, ndani yake imeandikwaje? Hapa ndipo busara ya kamati ilipo. Kamati haikusema. Ilimwachia mtengenezaji wa kompaila mzigo wote. Yeye ndiye anayeijua mashine yake, yeye ndiye aliyeziweka zile baiti tupu, basi aseme mwenyewe umbali ni upi, kwa njia yoyote anayoiweza. Akitaka kutumia hila ya sifuri kwa sababu anajua kompaila yake haitamgeuka, ruksa. Akitaka njia nyingine, ruksa. Mwandishi wa kawaida hana ruksa hiyo na wala haihitaji. Kompaila ya GCC, inayotumika sana kwenye Linux, ilikwenda mbali zaidi: tangu toleo la 4.0 la mwaka 2005, offsetof yake si hila tena hata kidogo. Kompaila inaulizwa moja kwa moja, nayo inajibu kutoka kwenye ramani yake ya muundo.

Kuna jambo la zamani zaidi ambalo ni vigumu kulipita. Katika Unix ya toleo la sita, ya mwaka 1975, jina la kiungo lilikuwa karibu sawa na umbali mtupu. Majina ya viungo vya miundo yote yalikaa katika kapu moja, na mtu aliweza kuchukua jina la kiungo cha muundo mmoja akalitumia kwenye kielekezi cha muundo mwingine kabisa. Kompaila ilijumlisha umbali, ikaendelea na safari. Kwa kuwa majina yaligongana, watu wakazoea kuyawekea vianzio. Ndiyo maana hadi leo mwanafunzi anayesoma habari za saa na tarehe katika C anakuta viungo vyote vinaanza na tm, na anayesoma habari za faili anakuta vinaanza na st. Sababu ilikwisha zamani, desturi imebaki.

Sasa turudi kwenye simu ya mzee wetu.

Yuko Mutarule. Anasoma ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa binti yake aliyeko Baraka, kisha anafungua Airtel Money kuangalia salio. Kwa macho yake programu zote mbili zipo kwa pamoja. Kwa kweli prosesa inaziendesha kwa zamu, kipande kidogo cha wakati kwa kila moja, na kiini cha Linux ndicho kinachoamua zamu ni ya nani. Kila kazi inayoendeshwa ina muundo wake mkubwa ndani ya kiini, unaoitwa task_struct, wenye viungo kwa mamia. Lakini foleni ya kusubiri zamu haishiki muundo mzima. Inashika kiungo kimoja kidogo tu kilicho ndani yake, kama fundo lililofungwa kwenye kamba.

Kiini kinapochagua nani afuate, kinapata anwani ya fundo. Fundo peke yake halina habari. Halijui jina la kazi, halijui ilipoishia. Kiini kinaupataje muundo mzima? Kinarudi nyuma. Mtu aliyesimama Mutarule akijua umbali wake kutoka Kamanyola, anajua Kamanyola iko wapi bila kuuliza. Anwani ya kiungo, toa umbali wa kiungo, sawa na mwanzo wa muundo. Katika Linux kurudi huko kunaitwa container_of, na ndani ya container_of kuna offsetof. Kwa kazi za zamu kiini kinarudi nyuma mara mbili: kutoka kwenye fundo hadi kwenye muundo mdogo unaotunza habari za zamu, na kutoka hapo hadi kwenye task_struct yenyewe. Ukiyafungua maandishi ya Linux utaikuta container_of kila pembe, kwenye faili, kwenye vifaa, kwenye mtandao. Windows nayo ina ya kwake, inaitwa CONTAINING_RECORD, na hesabu ni ileile.

Kwa nini wasiandike namba tu? Kwa nini mtaalamu asipime mara moja, akute fundo liko umbali fulani, akaandika namba hiyo na kumaliza? Kwa sababu task_struct haifanani kati ya simu na simu. Anayetengeneza kiini kwa ajili ya simu fulani anachagua sehemu za kuweka na za kuacha, na kila sehemu inaongeza viungo au kuvipunguza. Toleo likibadilika, viungo vinasogea. Namba iliyoandikwa kwa mkono kwa ajili ya simu moja itaharibu simu nyingine, na haitaharibu kwa kelele; itasoma mahali pasipo pake na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa la namna hiyo ndilo baya kuliko yote katika C, maana programu inakufa mbali na mahali ilipoumia.

Wala jambo hili si la wazee wa C peke yao. Lugha mpya ya Rust, ambayo sasa imeingia hata ndani ya Linux, inaruhusu kompaila kubadilisha hata mpangilio wa viungo ikiona kuna nafasi ya kuokolewa. Pamoja na upya wake wote, Rust nayo ilihitaji makro ya umbali. Kwa miaka kadhaa watu waliitafuta kwa maktaba za pembeni zenye hila zake, na makro rasmi ilipatikana Machi 2024. Miaka 35 hivi baada ya kanuni rasmi za C, safari ileile, mashimo yaleyale.

Tuseme pia mipaka yake, kwa haraka. Kiungo cha biti chache, kile kisichofika baiti nzima, hakina anwani, kwa hiyo offsetof haikigusi. Katika C++ makro hii inaaminika kwa miundo ya kawaida tu. Ikiingia kwenye aina zenye urithi wa kutatanisha, kanuni zinaanza kusita.

Mpaka mkubwa zaidi unahitaji maneno mengi kidogo. offsetof inasema ukweli wa mashine hii, wakati huu. Haiwezi kuzipatanisha mashine mbili. Kijana wa Sange akimwaga muundo wake mzima, ule wenye bei katikati, kwenye faili, baiti kwa baiti, kwa ile kompyuta ya zamani ya Intel ya biti 32 yenye Linux, halafu akaichukua flash hadi Uvira na kuisoma kwenye kompyuta mpya, bei ya mpunga itatoka namba ya ajabu, na offsetof haitamwokoa. Hapo inabidi aandike kiungo kimoja kimoja, kwa mpangilio na ukubwa aliouchagua mwenyewe, au aandike maandishi ya kawaida yanayosomeka hata kwa jicho. Kwa hesabu za magunia, maandishi ya kawaida yanatosha kabisa. Anayesema yanapoteza nafasi hajawahi kutafuta deni lililopotea.

Hili kwa watu wa huku lina uzito wa pekee. Katika miji yenye fedha mwanafunzi anaweza kusoma C miaka mitatu bila kuona mashine ya aina tofauti. Huku kwetu mashine za kila umri zinakutana chumba kimoja: kompyuta iliyotumika Ulaya na kuletwa, yenye Windows ya zamani ya biti 32, laptopu mpya ya mwalimu, simu ya Android ya mwanafunzi. Hata aina ya namba iitwayo long haikubaliani: kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4, kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. Mwandishi wa Uvira anayeandika C inayohamishika hajipambi. Asipofanya hivyo programu yake haitoki nje ya mlango wa darasa.

Na je, kijana wa Mutarule asiye na kompyuta afanyeje? Achukue simu. Kuna programu iitwayo Termux, inayompa mtu wa Android mazingira ya Linux, na ndani yake kompaila ya clang inawekwa kwa amri moja. Aandike muundo wa herufi, bei na uzito. Aingize stddef.h. Achapishe umbali wa kila kiungo kwa offsetof, halafu achapishe ukubwa wa muundo wote kwa sizeof. Kisha abadilishe mpangilio, aweke bei kwanza, uzito wa pili, herufi mwisho, na atazame jumla inavyopungua kutoka 24 hadi 16. Aende na maandishi hayohayo kwenye kompyuta ya shule na alinganishe. Somo hilo linachukua muda mfupi kuliko kungoja umeme urudi.

Na kwa Kiswahili somo hilo linaweza kufundishwa vizuri tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Aliyeweza kutafsiri menyu za kompyuta miaka ile anaweza leo kueleza umbali wa kiungo.

Saa yetu inakwisha, wapenzi wasikilizaji. Kwa wanaofundisha na wanaojifunza, ombi ni hili. Mkifungua programu ya zamani mkakuta mtu amejitungia makro yake ya sifuri na mabano mengi, iondoeni, ingizeni stddef.h, tumieni offsetof. Mkikuta namba ya umbali imeandikwa kwa mkono, ifuteni. Na pale ambapo umbali lazima uwe namba fulani, kwa sababu kifaa au itifaki ya mtandao inadai hivyo, wekeni mstari wa _Static_assert, uliopo katika C tangu mwaka 2011, ili kompaila igome palepale umbali ukibadilika.